Dira kwa Mashua ya Franck

Simu ilitetemeka mara mbili, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Amuri hakuipokea. Amri za Ofisi huja hivyo: mtetemo, kimya, kisha maandishi.

"Mteja anakuja kwako saa mbili. Anataka vifaa vya bahari. Mhudumie."

Alifuta ujumbe. Akafungua kopo la maziwa ya Nido lililokuwa chini ya meza, akaitazama bastola ya Browning iliyolala ndani yake, akafunika. Nje, jua la Kisangani lilikwisha kuanza kazi, na waendesha toleka, zile baiskeli za kubebea abiria, walikuwa wakigombea wateja mbele ya soko.

Simu ikatetemeka tena.

"Atakuja na Aïcha."

Aïcha alikuwa mke wa Amuri.

Tusizungukezunguke. Kwa miezi mitatu mwanamke huyo alikuwa akiishi mjini kama mchumba wa mtu mwingine, kwa amri ya serikali, na mume wake akapewa duka la redio karibu na soko ili asikose kumwona akipita. Ofisi ina ukatili wa namna yake. Wawili hao na binti yao Sara walihamishwa kutoka Kindu, kwa hiyo hapa hakuna aliyewajua. Amuri akawa Mohamadi, fundi anayewauzia manahodha wa mto sola, betri na GPS. Aïcha akawa mrembo aliyekutana na Franck kwenye arusi, akacheka alipotakiwa kucheka.

Franck ndiye aliyewindwa. Kilo arobaini za dhahabu zilizoporwa machimboni zilikuwa mikononi mwake, na Ofisi ilijua hivyo. Haikujua amezificha wapi. Landry, mwenzake Amuri, aliipekua nyumba mara mbili. Akaipekua na mashua: mlingoti, vitanda, tangi la maji. Patupu. Kumkamata bila dhahabu ni kumpa nafasi ya kuwapigia simu marafiki zake wakubwa, arudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, akijua wazi nani kamchongea.

Na sasa kulikuwa na hiyo mashua.

Libellule ilikuwa mashua ya tanga ya mita nane, ya mbao, iliyojengwa enzi za Wabelgiji. Franck aliinunua, akaikarabati, akautangazia mji mzima kwamba anaishusha Kinshasa kwa tishari, kutoka hapo kwa lori hadi Boma, kisha anaingia baharini na mpenzi wake. Tishari lingeipakia saa sita mchana. Dhahabu ionekane kabla ya saa sita, au Aïcha aondoke na Franck, ili Ofisi isimpoteze.

Amuri alikuwa na saa nne za kumrudisha mke wake nyumbani.

Na hapo, msomaji, usimwonee huruma sana. Mwaka juzi yeye mwenyewe alikaa Goma wiki sita na mwanamke mmoja mnunuzi wa kahawa, mkono kwa mkono, kwa amri hiyohiyo. Aïcha alipouliza, alimjibu, "Ni kazi tu, mama Sara," akageukia ukutani, akalala. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Saa mbili kamili mlango ulifunguliwa.

Viatu vilitangulia: Weston, vya ngozi nyekundu, vimepakwa rangi hadi vinang'aa. Kisha manukato. Kisha Franck, mrefu, meno yote mahali pake, sauti ya mtu aliyekaa Brussels miaka kumi na hataki mtu asahau.

Nyuma yake alikuja Aïcha. Alivaa kitenge cha kijani ambacho Amuri alimnunulia Idi iliyopita. Amuri alikitambua kwa alama ya pasi kwenye pindo, maana yeye ndiye aliyekiunguza. Alijikaza asiitazame alama hiyo mara ya pili.

"Bonjour, technicien," alisema Franck. "Banasema weye njo unajua bintu ya mer."

"Kidogo, patron. Nilisoma kule Banana, pale mto inaingia mu mer."

"Bon. Minataka radar. Écran kubwa kama ya televisheni. Kila kitu. Mwasi na ngai asiogope."

Mwasi na ngai. Mke wangu, kwa Kilingala.

Amuri aliinama chini ya meza kana kwamba anatafuta kitu. Alichokuwa akitafuta ni uso wa kurudi nao juu. Mtu mwenye wivu hauzi redio vizuri.

Aliposimama, macho yake yaliangukia rafu ya juu. Pale palikuwa na dira moja mbovu. Maji yake yalivuja, povu likaingia ndani, na sindano ilikwama kila ilipoelekea kaskazini. Kwa nje iling'aa. Ukimpa mtu dira ile, alfajiri moja yenye ukungu atalivaa jukwaa la kuchimba mafuta baharini, pale Muanda, kwa kasi yote.

Mkono wa Amuri uliishika.

Aliona picha nzima: viatu vya Weston vikielea juu ya maji. Akafurahi. Nakwambia ukweli, alifurahi.

Kisha akaona aliyekaa pembeni ya Franck ndani ya mashua ile.

Aliirudisha dira rafuni.

"Patron, mashua iko na batterie ngapi?"

"Moya."

"Na panneau ya sola?"

"Moya, kadogo."

"Alors, radar hapana. Itakula batterie yote mbele ya usiku kuisha. Utabaki na écran nyeusi katikati ya brouillard, ule ukungu wa asubuhi."

Franck hakupenda kukataliwa mbele ya mwanamke. Taya lilimcheza. "Mi sikukuuliza kama inawezekana. Nilikuambia minataka."

"Chéri," alisema Aïcha, "acha aseme. Iko anajua kazi yake."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Amuri kuyasikia kinywani mwa mkewe tangu miezi mitatu, na yalianza na "chéri" wa mwingine. Alishukuru kwamba meza ilificha mikono yake.

Basi akafanya kitu ambacho hakuna mkubwa wake aliyemwamuru. Alichagua vifaa kwa moyo wake wote, kama mtu anayemfungasha mkewe safari. Alianza na kipima kina, kwa sababu mto unamwaga mchanga mbali sana baharini, na pwani ile ina mahali mtu anaweza kukwama hata ufuko hauonekani. Akatoa GPS mbili za mkononi, aina ya Garmin, zinazotumia betri kavu.

"Moya utumie. Ya pili ufunge mu plastiki, usiiguse. Kama maji inaingia mu mashua, ile ya mu plastiki inaweza kubakia."

Akaongeza redio ya VHF, maana meli kubwa hazioni mashua ndogo ya mbao, lakini zinasikia. Akakunjua ramani ya karatasi kutoka Muanda hadi Pointe-Noire, mpya, akamwonyesha majukwaa ya mafuta moja baada ya jingine. "Ramani ya zamani haina yote hii. Ukiona moto juu ya maji, ujue si mwezi."

Aïcha aliinama kutazama. Bega lake lilikuwa sentimita kumi kutoka bega la Amuri. Alinukia manukato ya Franck.

"Na hii?" Franck aliinua kamba ndefu yenye mafundo, iliyofungwa mwishoni kipande cha madini ya risasi kama kilo tatu.

"Ya kupima maji kwa mukono. Sondeur inaweza kukufa. Kamba haikufake."

Franck alicheka kwa sauti. "Chérie, ona! Babu yangu wa Isangi alikuwa na hii!" Aïcha naye akacheka. Kicheko kizuri, cha kweli, cha kifuani. Amuri alikijua. Alidhani ni chake peke yake.

Aliandika bei kwenye karatasi.

"Na dira," alisema. "Moya ya kushika mukononi, moya ya kufunga mu mashua. Ila ile ya kufunga sitakuuzishia hivi hivi. Inafaa niifunge mwenyewe na tuzungushe mashua juu ya maji. Kila mashua iko na chuma yake, na kila chuma inavuta sindano kwa upande wake. Bila kupima, dira inakudanganya."

"Inakamata muda gani?"

"Saa moya."

Franck alitazama saa yake ya Breitling, kisha akamtazama Aïcha. Mwanamke akainua mabega, kama asiyejali.

"Kuya," alisema Franck, akimwashiria atoke naye.

Amuri alibeba sanduku la vifaa, na juu yake kopo la Nido. Alipita kwenye kona tupu ya duka, pale alipozoea kurundika betri za magari zilizokufa. Mnunuzi mmoja alikuwa amezisomba zote, zake na za mji mzima, miezi miwili iliyopita. Jasusi mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Amuri wakati huo alikuwa akihesabu siku ambazo mkewe hajalala nyumbani.

Saa tatu na nusu walikuwa ndani ya Libellule, kwenye gati la mtu binafsi chini ya mji. Mlinzi mmoja mwenye AK alibaki ukingoni. Tishari lilikuwa hatua mia moja kutoka hapo, kreni yake tayari. Katikati ya mto pirogi moja, mtumbwi wa wavuvi, lilikuwa likielea na vikapu vya samaki, na ndani yake Landry, amevua shati, na askari wanne wa kambi ya Kapalata wamelala chini ya turubai.

Amuri alianza kufunga dira kwenye kishikio cha shaba kilichokuwa sakafuni mwa chumba kidogo cha mashua, pale ilipokaa dira ya zamani. Alifanya kazi kwa dakika ishirini. Alifanya vibaya, kwa sababu nyuma yake watu walikuwa wakila.

Aïcha alifungua liboke. Harufu ya samaki na majani ikajaa. Kulikuwa na lituma pia, ile ndizi ya kuponda ambayo watu wa huku hawaiachi. Amuri aligeuka kuchukua bisibisi, akaona.

Aïcha alikuwa akimtolea Franck miiba ya samaki.

Taratibu, kwa vidole viwili, akiipanga miiba ukingoni mwa jani. Kwa miaka saba alimfanyia hivyo mtu mmoja tu, kwa sababu mtu huyo aliwahi kukwamwa na mwiba huko Kindu, akakaribia kufa. Kumbatio, Amuri alikuwa amejiandaa nalo. Busu pia. Ofisi ilimwonya juu ya hayo. Juu ya miiba hakuna aliyemwonya.

Bisibisi ilimponyoka, ikamchoma kiganja.

"Pole, technicien," alisema Franck, mdomo umejaa.

"Likambo te," alijibu Amuri. Hakuna shida.

Alifuta damu kwenye suruali, akainua macho ili asiangalie jani lile. Ndipo alipoiona kadi.

Ilikuwa karatasi nene ya manjano chini ya kioo, imepigiliwa ukutani. Wino wa kalamu ya zamani. Mwaka 1956. Juu iliandikwa jina la mashua, chini yake pande za dunia, na mbele ya kila upande namba ndogo. Amuri alisoma kadi za namna ile kule Banana hadi akaziota. Ni orodha ya makosa ya dira: mashua ikielekea mashariki, dira inakosea nyuzi saba. Ikielekea magharibi, saba tena, upande wa pili.

"Unaipenda?" Franck alisema. "Souvenir ya Babelgiji. Fundi alitaka kuitupa, nikakataa. Mutu akiingia, ajue hii ni mashua ya kweli."

"Iko muzuri, patron. Tuzungushe sasa."

Franck aliwasha injini ndogo ya Yamaha iliyoning'inia nyuma. Libellule ikaacha gati, ikaingia katikati ya mto. Amuri alipanda juu ya paa la chumba, mbali na kila chuma, dira ya mkononi imegusa shavu lake.

"Est, patron. Taratibu. Shikilia hapo."

Dira ya mkononi: tisini.

Alichungulia chini kwenye dira iliyofungwa. Tisini.

"Ouest."

Mia mbili sabini. Chini: mia mbili sabini.

Alirudia. Mashariki, magharibi, mashariki tena, huku minara ya kanisa kuu ikizunguka nyuma yake. Kosa halikuwepo. Hata nyuzi moja.

Wakati ule wa Wabelgiji chuma kikubwa kilikaa chini ya kishikio hiki, kikivuta sindano nyuzi saba. Leo hakikuwepo.

Mashua ya tanga haiwezi kusimama bila uzito kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Ule mkuku wa zamani ulikuwa wa chuma. Wa sasa, chochote ulichoumbwa nacho, haukuwa wa chuma.

Betri zilizokufa zina nini ndani? Risasi. Na madini ya risasi hayavuti sindano ya dira. Wala dhahabu.

Amuri alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka na jua.

"Patron, niandike muzuri mu kadi mupya. Huku chini kuna nini? Fonte?"

"Fonte," alisema Franck bila kufikiri. "Chuma. Kilo mia tatu. Ile ile ya tangu 1956."

"Asante. Njo vile niliwaza."

Ilikuwa saa nne na dakika hamsini.

Alichukua VHF mpya. Kujaribu redio mbele ya mteja ni kazi ya kila muuzaji, na Landry alikuwa na redio ya aina hiyohiyo chini ya vikapu. Neno la siri la kusema dhahabu imepatikana walikwisha kukubaliana: kina cha mita saba.

"Essai, essai. Hapa Libellule. Kina ni mita saba. Over."

Mkwaruzo. Kisha sauti: "Libellule, nimesikia. Saba. Over."

"Saba. Terminé."

Franck alikuwa kwenye usukani. Mbele yake kipima kina kilikuwa kimewaka, kifaa bora kabisa ambacho Amuri aliweza kumchagulia.

"Technicien."

"Patron?"

"Sondeur inasema mita ine na nusu."

Franck aligeuka kutoka kwenye kipima.

"Weye umesema saba. Mara mbili. Sababu ya nini?"

Amuri aliitazama namba iliyowaka. Kichwa kilichojaa wivu tangu asubuhi hakikuwa na nafasi ya uongo mzuri. Nusu dakika ingetosha. Hakuwa nayo.

Glock ilitoka kiunoni mwa Franck bila haraka.

"Weka redio chini. Mikono juu ya kichwa. Chérie, pita nyuma yangu, kamata usukani. Huyu mutu si technicien."

Aïcha alipita nyuma yake. Alishika usukani. Uso wake haukuonyesha kitu chochote, na Amuri, ambaye aliusoma uso ule miaka saba, hakuweza kusoma hata herufi. Kopo la Nido lilikuwa hatua tatu. Pirogi la Landry lilikuwa mita mia mbili. Na wazo lililomjia si la kifo. Lilikuwa: je, kama amempenda kweli?

"Nani amekutuma?" Franck aliuliza.

"Mama mukubwa wa soko," alisema Amuri.

"Nitahesabu mpaka tatu. Moya."

Aïcha aliinama.

"Mbili."

Alipoinuka, kamba yenye mafundo ilikuwa mkononi mwake. Aliizungusha mara moja tu. Zile kilo tatu zilipaa nusu duara na kumpata Franck kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Glock ikaanguka, ikagonga ukingo, ikazama mtoni.

Amuri aliruka. Kopo. Kifuniko. Browning.

"Kaa chini!"

Ukingoni mlinzi aliinua AK. Askari wengine wawili wa Ofisi walikuwa wamejificha nyuma ya matofali ya gati tangu alfajiri. Mmoja alimgusa mlinzi nyuma ya sikio kwa mdomo wa bunduki. AK ikatua kwenye majani. Injini ya Landry, Yamaha ya nguvu farasi arobaini, ikanguruma, na pirogi likaja likipasua maji, vikapu vikimwagika kila upande.

"Ofisi hapa," alisema Landry kwa redio, akihema. "Hali?"

"Salama. Mmoja. Amevunjika mkono."

"Dhahabu?"

"Tumeikalia."

Saa sita kamili kreni ya tishari iliinyanyua Libellule, kama ilivyopangwa. Ila iliishusha nchi kavu. Fundi mmoja wa kumimina sufuria aliletwa na patasi. Rangi ilitoka, kisha risasi ikaanza kukunjika laini chini ya patasi. Ndani yake kulikuwa na tabaka la udongo mkavu, kwa sababu risasi iliyoyeyuka huila dhahabu. Fundi aligonga udongo.

Mche wa kwanza ulitoka saa sita na robo. Njano, mzito, mdogo kuliko sabuni. Watu waliokuwa wamesimama pale walisogea kutazama.

Franck alikaa chini, pingu kwenye mkono mzima, viatu vya Weston vimejaa matope. Hakuitazama dhahabu. Alimtazama Aïcha.

"Yote ilikuwa uwongo?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Yote, yote?"

Aïcha hakujibu. Aligeuka, akaenda kunawa mikono mtoni.

Kimya kile kilimwingia Amuri kuliko Glock. Neno "ndiyo" ni fupi sana. Mtoto anaweza kulisema. Kwa nini hakulisema?

Mama Augustine, mkuu wa Ofisi mjini, alifika na gari lisilo na namba. Mwanamke mnene, miwani, mkoba wa plastiki. Aliitazama miche ikipangwa kwenye kitambaa, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwake hiyo ndiyo sherehe.

"Kazi muzuri, Amuri. Ile kadi ya zamani, Landry aliiona mara mbili. Aliwaza ni mapambo."

"Si kosa lake, mama. Hakusoma Banana."

Alifungua mkoba, akatoa kifaa kidogo cha kuhifadhia sauti. "Rekodi zote ni hizi. Miezi mitatu. Nyumbani kwa Franck, mu gari, mu mashua. Umeniomba mara ine nikupe usikilize, nikakukatalia. Sasa kazi imeisha. Una saa moya mbele sijazipeleka."

Alikiweka kiganjani mwake, juu ya jeraha la bisibisi.

Kilikuwa chepesi mno. Miezi mitatu yote, kila kicheko, kila chéri. Amuri alijua ataanzia wapi. Alijua hata tarehe. Kidole chake kilikwisha kupata kitufe.

Kule mtoni Aïcha alikuwa bado ananawa. Alisugua, akasuuza, akasugua tena.

"Hapana, mama," alisema Amuri, akamrudishia. "Peleka tu."

Mama Augustine alimtazama juu ya miwani, akafunga mkoba.

Amuri na mkewe walipanda kutoka ukingoni. Aïcha alikuwa ametangulia hatua moja, Amuri nyuma. Barabarani jua lilikuwa kali na vumbi limekaa. Amuri alisimama.

"Mama Sara. Nitakuuliza mara moya. Ulimupenda?"

Aïcha naye alisimama. Hakukasirika. Hakulia pia.

"Kulikuwa siku mbili," alisema. "Siku mbili nilisahau kama niko nadanganya. Mu miezi tatu. Nikakumbuka, nikaona aibu, nikaendelea na kazi. Ungetaka nikuambie sufuri? Naweza kusema sufuri. Nimefundishwa kudanganya muzuri."

Amuri alivuta pumzi. Iliuma. Iliuma mahali pale pale ilipomuuma Aïcha kwa wiki sita za Goma, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba mkewe hakulala usiku ule alipogeukia ukutani.

"Goma," alisema, "ilikuwa siku ine."

"Najua," alisema Aïcha.

Toleka mbili zilikuwa zimeegeshwa chini ya kivuli cha duka. Kijana mmoja mwenye misuli, kofia nyuma, aliruka na baiskeli yake mbele yao, akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Mama, panda! Unakwenda mtaa wa Kabondo? Kuya. Barabara iko mubaya, nikamate kiunoni, unikaze sana, usianguke."

Amuri alimtazama kijana. Akatazama kiuno chake. Akatazama mikono ya mkewe, bado na maji.

Alitia mkono mfukoni, akatoa noti mbili, akazibandika kifuani mwa yule kijana.

"Shuka."

"Tonton?"

"Shuka. Utakuja kuchukua kinga yako, hii baiskeli, jioni kwa Mohamadi, pale soko, duka la redio."

Aïcha alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Amuri alikunja suruali, akapanda baiskeli, akashika usukani kwa mkono uliochomwa na bisibisi. Alikuwa na Browning kiunoni na hadhi ya miaka saba ya ujasusi, na hakujali nani anamwona.

Aïcha alipanda nyuma. Akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili.

Walikwenda mita hamsini, wakiyumba, waendesha toleka wengine wakiwapigia kelele na kuwacheka. Kilima cha kwanza kilikuwa mbele.

"Siku gani?" aliuliza Amuri, bila kugeuka.

"Papa Sara."

"Nauliza tu. Zile mbili. Ilikuwa siku gani?"

Mikono ya mkewe ilimkaza zaidi, na paji la uso wake likagusa mgongo wake uliolowa jasho.

"Kanyaga," alisema Aïcha. "Mutoto anangoja."

Amuri akakanyaga.